Unga wa Mbao Kwenye Gia

Mpaka leo kuna watu wananiuliza kwa nini nililinunua lile gari la buluu wakati la padri lilikuwepo, zima, na padri mwenyewe si mtu wa kudanganya watu. Swali la kijinga. Nililinunua kwa sababu lilinifurahisha. Haya, nani atanifunga? Mtu amekaa jeshini miaka minne, amevusha lori la risasi kwenye matope ya Burma, anarudi kwao anaambiwa apande baiskeli kwenda kazini. Akitafuta kitu kimoja cha kumfurahisha asubuhi, anaonekana mwendawazimu.

Lakini nianze na kazi, maana bila ile kazi gari lisingekuwepo.

Nilikuwa karani wa serikali hapo mjini, natafsiri na kupiga taipu, nikahamishiwa bomani Kisarawe. Sikuomba kuhamishwa. Kuna mtu mjini alikuwa hapendi sauti yangu, nami nilikuwa sipendi uso wake, na yeye ndiye aliyekuwa na kalamu. Wakati huo tulikuwa tunakaa Temeke, mie na mke wangu, kwenye nyumba ya mkunga, kwa kuwa mkunga wa zahanati ya pale alikuwa yeye. Ni Mmakua wa kusini, kalelewa na masista, mwembamba, wa maneno machache. Mie ni Mnyamwezi, na maneno yangu mnayaona. Tulioana tukiwa watu wazima na hatukujaliwa mtoto. Tulichokuwa nacho ni nyumba ile na jioni zetu, tunagombana mpaka wali unapoa, halafu tunaucheka ugomvi wenyewe.

Kutoka Temeke mpaka Kisarawe ni maili kama ishirini. Mchanga mpaka Ukonga, kisha unaanza mlima wa Pugu. Nilijaribu baiskeli wiki mbili. Nikawa nafika ofisini shati limegandamana na mgongo, miguu inatetemeka, na watu wenye mashauri wameshanitangulia barazani. Basi lilikuwepo, ila liliondoka likijaa, na siku ya kujaa ni Mungu aijuaye.

Bwana Shauri wa Kisarawe, Mzungu msimamizi wa boma, alikuwa kijana mdogo, ndevu hazijamtosha, ananinyooshea kalamu kama ananifundisha kusoma. Akaniita.

“Karani, hapa kazi inaanza saa moja na nusu. Wewe unafika saa tatu.”

Nikamweleza habari ya njia.

“Nyumba ya karani ipo hapa nyuma, tupu. Hamia.”

Nikamwambia mke wangu ni mkunga Temeke, naye ana kazi ya serikali hiyohiyo. Akasema, macho yakiwa kwenye karatasi zake, kwamba mke wangu hayumo katika orodha ya watu wake. Nikitaka kukaa Temeke nikae, lakini mwezi ukiisha nisipofika saa moja na nusu kila siku, ama nahamia nyumba ile ama naacha kazi. Ala! Nilisema “Ndiyo, bwana” na kutoka, na ule “ndiyo bwana” ulinikaa kooni wiki nzima.

Jioni nikamwambia mke wangu. Akaiweka sahani chini.

“Mie sihami,” akasema. “Wanawake wa hapa watazaa na nani?”

“Nani kasema uhame?”

“Na wewe usihame. Sikuolewa ili niwe naandikiwa barua.”

Likawa ni hilo tu. Ama nipate gari, ama nikaishi Kisarawe peke yangu. Akiba yangu ya jeshi ilikuwepo, sijaigusa, na udereva ninao. Kilichobaki ni kuchagua.

Sasa, hakuna mtu mwenye akili anayenunua gari kuukuu bila fundi. Fundi wangu alikuwa na gereji Chang'ombe, mabati manne na shimo la kushukia chini ya gari, na hodari kuliko wote niliowaona jeshini, Wazungu wakiwemo. Balaa lake lilikuwa moja: ni Mzaramo. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu wakishuka pwani na pembe za ndovu vichwani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mchana kutwa mbele ya watu. Atakuita mpagazi, atakuvua kofia aende nayo, atakuambia ufe upesi apate kula wali wa matanga yako. Na ukikasirika, mkosaji ni wewe. Nami nilimjibu kwa wingi, kwamba kwao wanauza shamba la minazi ili wacheze ngoma siku tatu. Lakini kwa mtu wa hasira kama mie, kuwa na mtani ni adhabu. Katika jiji zima, yule ndiye mtu mmoja niliyekatazwa kumkasirikia.

Tukaenda kwanza kulitazama gari la padri. Jeusi, pana, milango minne, viti vinanuka mishumaa. Kirungu cha gia kilikuwa shingoni mwa usukani, laini kama kijiko ndani ya uji. Unakivuta, unangoja, hujui kama gia imeingia au imekataa. Nikalizungusha uwanja wa misheni. Likaenda. Nililikanyaga, likaenda vilevile.

Fundi akatoka chini yake, akajipangusa.

“Mpagazi,” akasema, “hili ndilo lako. Zito, halichoki, halina maringo, linabeba chochote. Ndugu yako kabisa hili. Mama yenu mmoja.”

Padri alikuwa pale, akacheka. Mpishi wake akacheka. Mie uso ulinipanda moto. Nikasema ahsante, nitafikiri, na moyoni nilikuwa nimeshamaliza kufikiri. Ng'o! Nisingelipanda gari lile hata kwenda kuzikwa.

La pili lilikuwa la Mzungu wa mkonge aliyekuwa anarudi kwao, analiuza nyumbani kwake upande wa Kinondoni. Dogo, la buluu, milango minne nalo, kirungu cha gia kimesimama sakafuni, kifupi, kinajaa kiganjani. Nikakanyaga klachi, nikatia ya kwanza, nikaachia. Lo! Likaruka. Nikatia ya pili, likaitika hata sijamaliza kusukuma. Kuna kona pale mtu akitoka kwa kasi anaitaka gia ya chini. Nikashusha kwa namna tulivyofundishwa jeshini, klachi mara mbili na moto kidogo katikati, likapinda kama linajua ninakokwenda. Nilicheka peke yangu ndani ya gari la Mzungu. Sikuwa nimecheka hivyo tangu nihamishwe.

Niliporudi, fundi akaingia chini. Akakaa huko muda mrefu. Akatoka na kidole kimelowa oili ya giaboksi, akaisugua kwa dole gumba, akainusa. Mzungu alikuwa barazani anawasha kiko. Fundi akaanza.

“Mnyamwezi, nunua! Nunua leo, kesho utachelewa. Mzungu kakutilia unga wa mbao kwenye gia, ili seremala apate pa kuanzia jeneza lako. Gia ya pili itakuruka pale mlima wa Pugu, ukiwa unateremka, na breki hizi haziwezi kukushika peke yake. Mie nitakuja na wazee, tutakukalia juu ya kaburi mpaka mkeo apike. Nitalala na koti lako hilo.”

Nikamjibu kwamba koti langu halimtoshi Mzaramo mwenye tumbo la ubwabwa. Tukacheka. Nikalinunua.

Sikilizeni, nieleze vizuri, maana hapa ndipo watu wanaponiona mjinga. Mafundi wote wanajua kwamba gia ikiwa imekufa inalia, na ukitia unga wa mbao kwenye oili yake inanyamaza, siku chache, mpaka muuzaji aondoke. Mie dereva wa jeshi, nalijua hilo. Lakini nilisikia jeneza, nilisikia kaburi, nilisikia koti. Mtu ambaye kila siku ya Mungu anakuzika, utajuaje siku aliyochimba kweli? Na gari la padri alilisifu kwa kunitukana, hili akanitisha kwa kunitukana. Nikayatupa yote kapu moja. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili yake akaja kwetu kula, maana mtani akipata gari jipya lazima wali wake uliwe. Akamwambia mke wangu: “Shemeji, anza kushona nguo nyeusi. Mumeo kanunua unga wa mbao wenye matairi manne.”

Akacheka yeye, nikacheka mie. Mke wangu hakucheka. Kwao watani ni wengine. Yeye alikuwa anayasikia maneno kama maneno. Fundi alipoondoka akaniuliza, “Unga wa mbao ni nini?”

“Utani tu.”

“Kwetu mtu hautaji unga wa mbao bure. Hiyo gia itazamwe.”

“Nitaitazamisha.”

“Kabla sijapanda mie?”

“Kabla hujapanda wewe.”

Wiki ile ya kwanza, jamani, nilikuwa mfalme. Natoka Temeke saa kumi na mbili, hewa bado ya baridi, nakata Chang'ombe, nashika njia ya Pugu. Mchanga unaniteleza chini ya matairi nalifuata gari linavyotaka. Nikifika mlimani nashusha gia, nalikanyaga gari, naukwea. Nilimpita Bwana Shauri na landrova lake. Saa moja na robo niko mezani, kalamu imechongwa, namwangalia mlangoni. “Umewahi, karani,” akasema. “Ndiyo, bwana.” Ule “ndiyo bwana” nao ulikuwa mtamu.

Wiki ya pili, jioni, nateremka Pugu, kirungu kikaniruka mkononi. Tak! Gia imetoka, injini inapiga kelele bure, gari limekwenda mbele kama limesukumwa. Nikalikamata kwa breki na kuirudisha ya pili kwa nguvu. Jasho likanitoka hadi soksini. Nilisimama pembeni, nikayasikia upya maneno yote ya yule Mzaramo, safari hii bila jeneza.

Mtu mzima angeenda Chang'ombe usiku uleule. Mie sikwenda. Giaboksi ishuke, vyuma viagizwe, wiki tatu gari liko juu ya mawe, na mwezi wa Bwana Shauri bado haujaisha. Hiyo ni sababu moja, na ni ya kweli. Ya pili niliificha hata kwa padri wa kuungama: sikutaka kumpa yule mtu kicheko. Nilimwona kabisa anavyowaita mafundi wote wa mtaa waje wamtazame mpagazi. Nikaapa heri nife.

Basi nikawa nateremka mlima nimeishika gia kwa mkono wa kushoto, naikandamiza isitoke, na usukani naushika kwa mkono mmoja. Nilizoea. Siku moja mke wangu alisimama mlangoni ananitazama navyoingia uani.

“Ile gia?”

“Imeshatengenezwa,” nikasema. “Fundi kaimaliza juzi.”

Ilikuwa rahisi hivyo. Nilivua viatu, nikala.

Kuanzia hapo akawa anapanda. Nampeleka kwa mzazi wa huku, nampeleka kwa wa kule. Kuna siku akaniuliza kwa nini sikiachii kile kirungu, nikamwambia ndivyo tulivyokuwa tunaendesha Burma. Akaamini. Mie mwenyewe nilikaribia kuamini.

Jumamosi moja adhuhuri akaja kijumbe wa baiskeli kutoka Pugu. Mke wa mtu ana uchungu siku ya pili, mkunga wa jadi amechoka, anamtaka mwenzake. Mke wangu akachukua mkoba wake. “Gari tunalo,” akasema. Tukapanda. Alipomwona yule mama hakukawia. “Huyu ni wa hospitali kubwa, mjini, sasa hivi.”

Yule mama hakutaka. Alikuwa msichana tu, mimba ya kwanza, hajawahi kupanda gari, ameshika mlango wa nyumba kwa mikono miwili. Mama mkwe analia, mume anatazama chini. Mke wangu akamwinamia, akasema naye taratibu, akamfungua vidole kimoja kimoja. Sikusikia alichomwambia, nilikuwa nageuza gari. Wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mke wangu.

Tukaanza kuteremka. Ya pili, mkono wangu umeikandamiza. Nakwenda polepole, najisemea moyoni, maili moja tu, ni maili moja tu ya mteremko. Kwenye kona akatokea muuza mkaa na baiskeli yake, magunia matatu, katikati ya njia. Nikahitaji mikono yote miwili. Nikaachia.

Tak!

Nilikanyaga breki mpaka mguu ukagusa sakafu. Nikamkwepa mwenye mkaa, nikaliona korongo upande wa kulia, nikalitupa gari kushoto kwenye shamba la mihogo. Tulivunja mihogo ya watu mistari mingi, tukapanda tuta, tukaugonga mkorosho kwa ubavu, tukasimama. Yule mama alikuwa anapiga ukelele mmoja usiokatika. Mke wangu paji la uso limechanika, damu inamwingia jichoni, na bado amemshika mwenzake kwa mikono miwili, hakuiinua hata kujipangusa.

Likapita lori la mchanga, likawachukua. Nilitaka kupanda, mke wangu akasema, “Wewe kaa na gari lako.” Nikadhani ni kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo.

Nikalala shambani. Asubuhi wakaja, yeye na fundi, kwa gari bovu la gereji. Mke wangu alikuwa na bandeji, macho mekundu. “Wote wawili wamepona,” akasema. “Mtoto mwanamume. Mungu kawaponya.” Nikashukuru kwa sauti, nikataka kumshika mkono. Fundi alikuwa ameshaingia chini na jeki yake. Huyu hakuwa na habari ya uongo wangu, hakuna aliyemwambia. Akasema kutoka hukohuko chini, kama fundi anavyojisemea na kazi:

“Mtani, mbona hii giaboksi haijafunguliwa? Ule unga niliokwambia bado umo.”

Mke wangu akanitazama.

Hapo hasira ikanipofua, na sikuiona njia ya kuipeleka ila kwa yule mtu. Nikamvuta kwa miguu kutoka chini ya gari, nikamkaba ukosi. “Kwa nini hukuniambia kama watu wanavyoambiana? Kila siku jeneza, kila siku kaburi! Ningejuaje?”

Hakujitetea. Alinitazama akiwa amenyoosha mikono chini, ina oili.

“Nilikwambia gia ipi,” akasema. “Nilikwambia mlima upi. Nilikwambia ukiwa unateremka. Ulitaka nikuondolee utani ili unisikie? Mtu akimwondolea mtani wake utani, maana yake wamegombana. Mie sikuwa na ugomvi na wewe.”

“Mwache,” mke wangu akasema. “Huyo hakunidanganya.”

Nikamwachia. Mnyamwezi amemkaba Mzaramo. Wazee wangesikia wangenitoza mbuzi. Yeye hakudai mbuzi. Aliitengeneza ile gia kwa wiki tatu, vizuri kama alivyofanya kila kitu, na kwa wiki zote tatu aliniita “bwana”. “Kesho vyuma vitafika, bwana.” “Ahsante, bwana.” Hakuna tusi nililowahi kutukanwa likaniuma hivyo.

Bwana Shauri naye alinishangaza, sharti nikubali. Aliposikia ajali akaniongezea mwezi. Kwa hiyo nilirudi Temeke na gari zima, gia zimekaa, breki mpya, na muda ninao. Nikaliegesha uani, nikapiga honi. Mke wangu alikuwa anaanua shuka za zahanati.

“Limepona,” nikasema.

“Kweli?”

“Kweli. Muulize fundi.”

“Nimeshamuuliza,” akasema. “Basi liendeshe uende ukakae Kisarawe.”

Nilidhani ni hasira, na hasira naijua, inapita. Nikamwambia gari hili nililinunua ili nisihame. Akasema anajua. Nikamwambia yule mama amepona, mwanawe amepona, kovu lake mwenyewe litafifia, sasa nini? Nikapandisha sauti, nikasema maneno mengi, nikamtaja Bwana Shauri, nikamtaja Mzaramo, nikautaja mkaa. Aliendelea kukunja shuka mpaka nikamaliza.

“Yule msichana alikataa kupanda,” akasema. “Nilimwambia, panda mwanangu, gari hili zima, mume wangu kalitengeneza. Mwanamke mwenye uchungu hana kitu kingine cha kushika, bwana. Anashika neno langu. Na neno lile nililitoa kwako.”

Nikaingia ndani, nikafunga sanduku langu. Jioni ileile nikalipakia kwenye lile gari la buluu.

Nyumba ya karani kule Kisarawe ilikuwa hatua mia mbili kutoka ofisini. Nilikaa humo miaka mitatu, na sikuchelewa kazini hata siku moja.